Datsun 240Z, Corolla AE86 au Mazda RX-7: chagua gari kwa maradhi yake

Mpwa wangu anayeishi Leicester alinipigia simu usiku mmoja, akatoa shikamoo ya haraka ya mtu mwenye jambo kifuani, kisha akalitoa: "Mjomba, nimejibana miaka minne. Nataka gari la michezo la Kijapani, la zamani. Nimebakiwa na matatu kichwani: Datsun 240Z, Corolla AE86 na Mazda RX-7. Wewe unayajua. Nichukue lipi?"

Nikamuuliza Jumamosi zake anapenda kuzitumiaje. Akanyamaza, akidhani namkwepa. Lakini jibu lake lilikuwa humo humo. Gari la miaka arobaini au hamsini utaliendesha saa mbili na kulishughulikia saa nne, na hizo nne ndizo zitakazoamua kama mwaka wa tatu bado unalo au umelitangaza linauzwa. Yote matatu yana sura ya kusimamisha watu barabarani. Yote matatu yana mlio wa kukuamsha damu. Yanapoachana ni kwenye maradhi: kila moja lina ugonjwa wa kuzaliwa nao, na ukilinunua unakuwa umelichukua na ugonjwa huo nyumbani kwako. Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu haya, nikiyalinganisha ugonjwa kwa ugonjwa.

Mimi nina 240Z hapa Nairobi, huu mwaka wa kumi na tatu. RX-7 ni ya rafiki yangu. Injini yake tumeifungua mara mbili, yeye akisoma kitabu na mimi nikishika taa. AE86 ni ya shemeji yangu Mombasa, iliingia nchini ikiwa bado changa, na kila nikishuka pwani lazima niifungue boneti kabla hata sijanywa chai.

Nasaba zao

240Z ilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, ikauzwa nje kama Datsun 240Z. Injini yake ni ya silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa 2,393 cc, kabureta mbili, na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya siku zile. Uzito umezidi tani moja kidogo tu. Sisi wa Afrika Mashariki gari hili tunalijua kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Lile gari la 1971 Nissan wanalo mpaka leo katika hifadhi yao ya Zama, Japani.

AE86 ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987 kwa majina mawili: Corolla Levin yenye taa za kawaida, na Sprinter Trueno yenye taa zinazochomoza. Injini ni 4A-GE, 1,587 cc, valvu 16, farasi 130 kwa vipimo vya Japani vya wakati huo, katika gari la kilo 950 hivi. Wakati Corolla nyingine zinahamia kuvutwa na magurudumu ya mbele, hii ikaachiwa msukumo wa nyuma. Keiichi Tsuchiya, dereva wa mbio wa Kijapani, alijipatia jina akiiteleza kwenye kona za milimani, katuni moja maarufu ya Kijapani ikamaliza kazi, na bei haijashuka tangu hapo.

RX-7 ina vizazi vitatu. Cha kwanza ni cha 1978, chenye injini ya 12A ya 1,146 cc. Cha pili, FC, kilitoka 1985 na 13B ya 1,308 cc, na toleo la turbo Japani lilianza na farasi 185. Cha tatu, FD, cha 1991, ni kizuri mno, lakini naliweka kando: bei yake imekwenda mbinguni, na chini ya boneti kuna msitu wa mipira ya hewa ya kuendeshea turbo mbili ambao anayeanza hana haja ya kuingia. Nikisema RX-7 hapa nina maana ya hivyo viwili vya mwanzo, hasa FC.

Anza na bati

Watu hukimbilia injini. Injini hutolewa ikawekwa nyingine kwa siku mbili. Bati ndilo gari lenyewe.

Maradhi ya 240Z ni kutu, na sisemi kutu ya kupaka rangi ikaisha. Inaanzia chini ya betri, ambako asidi imedondoka miaka hamsini. Inashuka kwenye sakafu, inaingia ndani ya reli zinazobeba sakafu hiyo, inakula kizingiti kile kifupi kati ya mlango na gurudumu la nyuma, inakaa kwenye shimo la tairi la akiba. Pembeni mwa kioo cha mbele, ndani ya matao, majani na vumbi hukusanyika yakashika maji kama sifongo, na pale hutaona kitu mpaka ufungue bawa zima. Huku ndiko kwenye ule msemo wa ufa na ukuta: tundu la kidole kwenye reli mwaka huu, mwaka kesho ni reli mpya, na reli mpya maana yake gari liinuliwe, viti vitoke, zulia litoke, nyaya ziondolewe, fundi wa bodi aje na mashine ya kuchomelea akae wiki tatu.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipolinunua langu lilikuwa linang'aa rangi ya chungwa, na muuzaji alikuwa mtu wa maneno laini. Mwezi wa pili niliinua zulia la upande wa abiria nikakuta sakafu imeshonwa kwa vipande vya bati la debe, juu yake lami, juu ya lami rangi. Miezi tisa sikuliendesha. Siku hizi naenda kuangalia gari na vitu viwili mfukoni: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na bisibisi butu. Sumaku haishiki kwenye puti, ule udongo wa kuzibia bati bovu. Bisibisi ukiibonyeza kwenye reli nzima hurudi. Kwenye reli iliyooza huzama. Muuzaji asiyekubali bisibisi chini ya gari lake, mshukuru na uende zako.

AE86 nayo hupata kutu, hasa matao ya nyuma na kingo za chini ya milango, na ile yenye dirisha la paa hupitisha maji kwenye mifereji iliyoziba. Lakini ugonjwa wake mkubwa wa bati ni mwingine: kipigo. Magari haya yamefundishiwa watu kuteleza. Lala chini utazame mihimili ya mbele kama ina mikunjo, pima nafasi kati ya mlango na bawa pande zote mbili, angalia kama kifuniko cha buti kinafunga bila kusukumwa. AE86 iliyonyooka ni adimu kuliko 240Z isiyo na kutu.

FC ndiyo yenye afya bora ya bati kati ya hizi tatu. Ilizaliwa wakati viwanda vimejifunza. Bado chungulia matao na chini ya milango, lakini mara nyingi utainuka ukiwa na moyo mwepesi.

Mahali unapoishi hubadilisha hesabu hii. Nairobi ni pakavu, gari husamehewa. Mombasa, Tanga au Unguja upepo wa chumvi hauna siku ya mapumziko. Shemeji yangu huosha AE86 yake kwa maji baridi chini ya matao kila wiki na kupulizia oili nyepesi ndani ya kingo mara mbili kwa mwaka. Uingereza wao wanamwaga chumvi barabarani wenyewe wakati wa baridi. Mpwa wangu hana gereji; anaegesha kando ya barabara. Kwa 240Z hilo peke yake lilinitia hofu.

Injini tatu, tabia tatu

L24 ya 240Z ni injini ya mtu anayependa kushika. Chuma cha kutosha, cheni badala ya mkanda wa taimingi, hakuna kompyuta hata moja. Kila baada ya miezi kadhaa unafungua kifuniko cha valvu asubuhi ikiwa baridi, unaingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu: milimita 0.20 upande wa kuingiza hewa, 0.25 upande wa kutoa moshi. Unazungusha injini kwa spana, silinda kwa silinda, kimya kimya. Kwangu ni saa bora ya mwezi.

Kabureta zake mbili zinataka zipumue sawa, na hapa kifaa bora ni kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Mvumo ukilingana, umemaliza. Fundi mzee aliyenionyesha alinishika bega akasema, "Kijana, funga macho. Macho yanadanganya kabureta." Baadaye nilinunua kipimo cha vioo, na mara nyingi kilikubaliana na mpira. Mchanganyiko wa petroli unarekebishwa kwa nati ya chini. Unaanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu, halafu unatafuta. Na kumbuka mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyowekwa Mombasa ikifika hapa inameza petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi tii. Nikishuka pwani nasimama Voi, natoa plagi moja, naisoma rangi, nageuza nati kidogo. Wengine wataona ni usumbufu. Mimi naona gari linaongea nami.

Hatari yake ni mbili, na zote za moto. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka juu ya bomba la moshi; badilisha yote siku unayolinunua, hata ile inayoonekana mizima. Na umeme wa taa kubwa unapita wote kwenye swichi ya steringi na sanduku la fyuzi, ambavyo huyeyuka. Weka relei, swichi ndogo ya kubeba mzigo huo badala yake. Ni kazi ya nusu siku.

4A-GE ya AE86 kwa kweli haikupi mengi ya kusimulia. Petroli inapulizwa kwa nozeli, mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000 au mapema zaidi kama hujui historia yake, oili kila kilomita 5,000, na inazunguka. Ikivuja oili ni kwenye sili za kawaida. Soketi za nyaya zimekauka na huvunjika ukizigusa, hivyo nenda nazo taratibu. Basi.

Sasa rotari. Hapa lazima tukae kitako, kwa sababu watu wengi huipenda bila kuielewa, kisha huiua, kisha huitukana.

Ndani ya injini ya RX-7 hakuna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili za pembetatu, kila moja inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Rota ikizunguka mara moja, shafti imezunguka mara tatu. Katika kila ncha ya pembetatu kuna kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta wa chumba muda wote. Hiyo ndiyo sili ya ncha, na uhai wote wa injini uko pale. Felix Wankel, Mjerumani, ndiye aliyeibuni injini ya aina hii, lakini walioifanya idumu barabarani ni Kenichi Yamamoto na wahandisi wenzake wa Mazda miaka ya 1960. Sili zilikuwa zinatetemeka na kukwaruza ukuta wa chumba kwa mistari mibaya ambayo wao wenyewe waliiita makucha ya shetani. Walihangaika na vifaa vya kila namna mpaka sili za kaboni zikawatoa, na 1967 wakauza Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rotari. Mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Injini inayoshinda saa 24 haiwezi kuitwa dhaifu. Inahitaji adabu.

Adabu yenyewe ni hii. Kwanza, inakula oili kwa kusudi: kuna pampu ndogo inayopeleka oili kwenye sili ili zisikauke. Mwenye gari la kawaida akiona oili imepungua hushtuka. Mwenye RX-7 akiona haijapungua kabisa ndipo ashtuke, maana huenda pampu imekufa. Chomoa kijiti cha oili kila unapojaza petroli. Rafiki yangu huongeza na oili kidogo ya tu-stroki ndani ya tangi, kama mwenye pikipiki ya zamani.

Pili, isizimwe ikiwa baridi. Ukiiwasha kuisogeza mita tano uoshe gari, halafu ukaizima, petroli iliyobaki huosha oili kwenye sili, mgandamizo unapotea, na kesho yake itazunguka tu bila kuwaka. Ikiwasha, iache ipate joto, au iendeshe.

Tatu, isichemshe. Hata mara moja. Ndani yake vyumba vya alumini vimebanwa kati ya sahani za chuma, na joto likizidi kila kimoja hutanuka kivyake, sili za maji zinabanwa, na baada ya hapo maji huingia kwenye injini. Geji ya joto ya FC huamka ikiwa umechelewa; weka ya pili iliyo sahihi, na badilisha redieta kabla haijakuomba.

Ukizishika hizo tatu unapata injini laini ambayo silinda sita zangu haziwezi kuifikia. Usipozishika, ni kufungua injini nzima na kununua sili, labda na vyumba. Ile mara ya kwanza tuliyofungua ya rafiki yangu, sababu ilikuwa mpira wa redieta wa bei ya mlo mmoja.

Spea na mikono ya mafundi

Hili ndilo linalosahaulika na walio mbali na Japani, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko farasi.

L24 ni ndugu wa damu wa L16, injini ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 160J. Kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni 73.7, vyote viwili sawasawa. Ni kama walichukua L16 wakaongeza silinda mbili. Na 160J hapa ilikuwa gari la mwalimu, la daktari, la teksi. Mehta alishinda nayo Safari pia, mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa hiyo wapo wazee, kuanzia Kirinyaga Road hapa Nairobi hadi Gerezani Dar es Salaam, ambao hawajawahi kugusa 240Z lakini ukiwafungulia boneti wanatabasamu. Wanaijua. Shida ni kwamba wanazeeka, na vijana wao wamejifunza kompyuta. Spea za nje ya injini, mipira ya milango, taa, mapambo, utaagiza kutoka Marekani, ambako magari haya yaliuzwa kwa wingi na bado zipo karakana zinazochonga hata sakafu mpya.

AE86 inafaidika na ukoo wake. Fundi aliyefungua 5A ya Corolla AE100, na ni nani asiyeifungua, hatapotea kwenye 4A-GE, japo spea si zote zinazoingiliana. Toyota yenyewe imeanza kutengeneza upya baadhi ya spea za AE86 kwa ajili ya wapenzi wake. Nina rafiki mwingine aliyekwepa gharama yote akachukua KE70, ile ya msukumo wa nyuma tuliyozoea kuiita DX, na furaha anayoipata kwenye kona inakaribia sana ile ya AE86. Sikumcheka hata kidogo.

RX-7 ndiyo inayokuacha peke yako. Mazda imerudisha baadhi ya spea za FC sokoni, na Uingereza wapo mafundi wanaofanya rotari tu maisha yao yote. Hapa Nairobi nawajua wawili ninaowaamini. Nje ya hapo utakutana na fundi jasiri, na ujasiri ndio unaoua rotari. Rafiki yangu aliamua kuwa fundi wake mwenyewe, akanunua kitabu cha kiwandani, na mpaka leo hakuna mkono mwingine unaoingia pale.

Ukiwa kwenye usukani

Jumapili alfajiri, barabara ya Limuru, mashamba ya chai bado na ukungu. 240Z ina boneti ndefu mbele yako kama ngalawa, steringi nyembamba isiyosaidiwa na pampu, nzito ukiegesha na hai ukikimbia. Nguvu inaanzia chini, huna haja ya kuhangaika na gia. Sauti ya sita za mstari ikipita 4,000 sijapata maneno yake. Lakini mlango wa nyuma usipoziba vizuri moshi unaingia ndani, na utafika nyumbani unanuka petroli. Badilisha mpira wake na vile vya taa za nyuma. Na ukiliendesha Mombasa mwezi wa pili bila kiyoyozi, utajua.

AE86 haina nguvu ya kukutisha. Inakutaka uifanyie kazi, uipeleke juu, uchague gia mapema. Ni nyepesi, unaisikia barabara kwenye makalio. Mwendo unaokufurahisha ndani yake ni mwendo wa kawaida kabisa, hutahitaji kuhatarisha roho ya mtu. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, kwa hiyo barabara yenye makorongo huifanya irukeruke. Kama unataka gari la kuendesha mara nyingi na kutengeneza mara chache, hili hapa, na sioni la kubishania.

FC ni ya kimyakimya. Uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, injini ndogo imekaa chini na nyuma ya ekseli ya mbele, na inageuka bila ubishi. Mshale unapanda bila mtetemo wowote, hata wakaweka kengele ya kukuonya kabla hujapita mstari mwekundu, kwa sababu sikio halikwambii. Nyuma kuna bushi maalumu zilizotengenezwa kugeuza magurudumu kidogo kwenye kona. Zikichakaa gari linahisi kuyumba, na wengi huweka bushi ngumu za kawaida wakasahau. Inakunywa petroli. Weka hilo kwenye bajeti bila kujidanganya.

Kabla ya kutoa pesa

AE86 ina uongo wake mmoja wa kujihadhari nao. Kulikuwa na AE85, umbo lile lile, injini ya 1.5 ya camshaft moja isiyo na haraka. Nyingi zimevishwa 4A-GE na kuuzwa kama AE86. Si dhambi kuwa na AE85 iliyovishwa vizuri. Dhambi ni kulipia bei ya nyingine. Soma bamba la chasisi, siyo stika za milangoni.

RX-7 usinunue bila kipimo cha mgandamizo, na kiwe kipimo cha rotari, kwa sababu kile cha kawaida kinasoma pande tatu za rota kama namba moja. Unataka namba sita, tatu kwa kila rota, injini ikiwa ya moto. Kwa 13B ya FC kiwango cha kiwandani ni 8.5 kg/cm², chini kabisa ni 6.0, na tofauti kati ya pande isizidi 1.5. Kisha rudi siku nyingine uliwashe likiwa baridi, na tena baada ya kulizungusha likiwa la moto. Likikataa kuwaka la moto, sili zimekwisha, hata namba ziwe nzuri vipi kwenye karatasi.

Na sheria. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ukiwa hapa unatafuta yaliyokwisha kuwepo, kwa mashamba, kwa wajane, kwa watoto waliorithi wasiojua walichonacho. Kuwa mwaminifu nao juu ya thamani. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania huruhusu ya zamani zaidi lakini uchakavu hutozwa ushuru wa ziada. Uingereza mambo ni kinyume: gari likipita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Huko pia usukani uko upande wetu wa kulia, hivyo gari linalotoka Japani halihitaji kugeuzwa chochote.

Kwa pesa ya kununulia, AE86 ndiyo iliyovimba kuliko ilivyostahili, 240Z safi inaifuata au kuipita kutegemea bati, na FC bado inapatikana kwa bei ya mtu wa mshahara, mradi uweke pembeni akiba ya injini. Kama hata hiyo ni nzito, kuna Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989: injini ya 1.6 ya pistoni, taa za kuchomoza, paa la turubai, spea kila kona ya Uingereza. Zile za mwanzo kabisa chunguza ncha ya mbele ya krenki, hulegea. Nilimtajia mpwa wangu. Akasema ataiweka akilini, kwa sauti ya mtu asiyeiweka.

Mwishoni nilimwambia hivi: "240Z nisamehe, sitakushauri. Huna paa, huna mashine ya kuchomelea, na chumvi ya huko itakuvunja moyo mbele ya macho yako. AE86 ukiipata iliyonyooka, chukua, lakini usiuze figo. Ila wewe unafanya kazi maabara. Unaandika vipimo kila siku, husahau, huruki hatua. Rotari inamtaka mtu kama wewe kuliko inavyomtaka fundi."

Wiki iliyofuata alikwenda kuona Trueno nyeupe nje ya Coventry. Akainama, akasoma bamba: AE85. Akamshukuru mwenyewe akaondoka. Jana usiku amenitumia picha ya karatasi ya FC ya 1988. Rota ya mbele 7.4, 7.3, 7.4. Ya nyuma 7.1, 7.2, 7.0. Nimemwambia amwombe mwenyewe asiliguse asubuhi, aende akaliwashe likiwa baridi, na asisahau kuchomoa kijiti cha oili.